Gari Halikuitika

Mtaani walimwita Mama Mayai, na hata wanawe walipotaka kumchokoza walimwita hivyo hivyo. Alifuga kuku nyuma ya nyumba, na hakuna yai lililotoka mlangoni kwake bila kupita kwenye taa. Alikuwa amekata tundu juu ya boksi na kutia balbu ndani, na kila yai alilisimamisha pale, akalizungusha, akalikodolea macho mpaka aridhike kwamba halina doa wala ufa. Kisha akalizungusha tena. Wenye maduka walimpenda kwa tabia hiyo. Wanawe walimcheka kwa tabia hiyo hiyo, maana haikuishia kwenye mayai. Mlango alifunga, akaenda kulala, akaamka kuutikisa. Jiko alizima, akatoka, akarudi kulinusa.

Hofu hii haikuanzia bandani. Binti yake wa kwanza alizaliwa nyuma ya pikapu ya kubeba mchanga, iliyozimika katikati ya safari ya kwenda hospitali. Dereva alikuwa chini ya boneti akitukana, na mwanamke aliyekuwa akipita na ndoo, ambaye hawakumjua na hawakumwona tena, ndiye aliyempokea mtoto kwa upindo wa sketi yake. Mtoto alitoka wa bluu, kimya. Ukimya ule mama yake aliubeba miaka yote. Mwishowe mtoto alilia, dereva naye akalia, na waliobaki wakacheka. Wakamtania mtoto Njiani, na jina likamganda. Kwa Njiani mwenyewe ulikuwa utani mzuri wa kusimulia. Kwa mama yake ulikuwa mwiba.

Sasa Njiani alikuwa na mimba ya kwanza, tumbo limeshuka, na alikuwa amekuja kujifungulia kwa mama. Mumewe, fundi wa mitambo, alikuwa ameitwa kazini mbali, mahali ambapo simu hushika mtu akipanda juu ya rundo la mawe. Kabla ya kuondoka alimkabidhi mkwewe gari lake na kidude cheusi chenye vitufe.

"Hii ndiyo rimoti, Mama. Ukibonyeza hapa milango inafunguka, hapa inajifunga. Ukiwa nayo mfukoni, unakanyaga breki, unabonyeza kitufe kile kwenye dashibodi, linawaka."

"Na ufunguo unachomeka wapi?"

"Hauchomeki, Mama."

"Gari gani hili lisilo na tundu?"

Kuendesha alijua. Kwa miaka mingi alisambaza mayai kwa kigari chakavu ambacho ufunguo wake ulilika hata ukawa unatoka tunduni wenyewe gari likiwa linakwenda. Lakini kigari kile alikielewa. Kikigoma, unakipiga teke mahali fulani. Hiki kidude utakipiga teke wapi?

Kwa hiyo alifanya kama afanyavyo kwa mayai. Kila jioni alisimama dirishani, akanyoosha mkono, akabonyeza. Gari lililokuwa chini ya kibaraza lilikonyeza taa na kulia twi-twi. Roho ilimtua. Akabonyeza kufunga, twi. Akafungua tena kuhakikisha, kisha akafunga. Alfajiri kabla ya kuwapa kuku maji, tena. Mchana akipita dirishani na beseni la nguo, tena.

"Mama, unalisalimia gari kuliko unavyonisalimia mimi," Njiani alimwambia.

"Lenyewe linaitika vizuri. Wewe unaguna."

Wakacheka. Lakini hakuacha.

Asubuhi moja alisimama dirishani, akabonyeza, na gari halikuitika.

Alibonyeza tena, kwa nguvu, kidole kikawa cheupe. Kimya. Alitoka nje na ndala zake, akalisogelea, akabonyeza karibu na kioo cha dereva. Kimya. Akaifuta rimoti kwa upindo wa gauni, akaipuliza, akaisugua viganjani kama mtu anayepasha mikono moto. Ndipo alipogundua kwamba hata ile taa ndogo nyekundu, iliyozoea kumulika kila akibonyeza, ilikuwa imelala.

"Vipi, Mama?" Njiani aliuliza kutoka mlangoni. Alikuwa ameshika fremu ya mlango kwa mikono miwili.

"Hakuna. Nafuta vumbi."

Kliniki walikuwa wamesema presha ya Njiani imepanda kidogo, asishtuliwe. Mama Mayai aliyachukua maneno yale kama amri. Akaitia rimoti kifuani, akaingia ndani akitabasamu tabasamu ambalo lingemtisha hata mtoto mchanga.

Njiani hakulitazama. Alikuwa amerudi kwenye meza, anapiga pasi vinguo vya mtoto. Alivipiga pasi jana pia.

"Pumzika basi."

"Nikikaa mgongo unauma. Heri nisimame."

Mama Mayai alimpigia dereva wa teksi waliyemzoea. Alikuwa amempeleka abiria mji wa pili, na alisema akirudi atapiga. Mama Mayai akachukua trei ya mayai kama kisingizio, akaaga kwamba anapeleka oda dukani, na akatembea haraka, haraka kuliko trei ya mayai inavyopenda.

Mwenye duka alikuwa mtu mnene, mcheshi, aliyeuza kila kitu kuanzia sabuni hadi nyembe. Aliyapokea mayai, kisha rimoti, akaigeuza geuza.

"Betri hiyo, Mama Mayai. Hizi zinakula betri bapa, kama kifungo cha koti. Ngoja."

Alibonyeza kitu ubavuni, akavuta kichuma chembamba kutoka ndani ya rimoti, akakiweka juu ya kaunta. Kisha akapenyeza ncha ya kisu pale kichuma kilipotoka, na ganda likabanduka. Mama Mayai alifumba jicho moja. Ilikuwa kama kumwona mtu akimpasua kifaranga.

"Taratibu, kaka yangu."

"Mimi nimezifungua nyingi, usiwe na hofu."

"Hofu ninayo tangu sijazaliwa. Wewe fungua taratibu."

Betri ya zamani ilitoka. Mwenye duka alipekua sanduku lake, akakuta iliyo sawa kwa upana lakini nyembamba zaidi. Akaijaribu, ikacheza ndani ya nyumba yake kama jino bovu. Hakukata tamaa. Alichana karatasi ya fedha kutoka kwenye paketi ya sigara, akaikunja mara kadhaa, akaishindilia chini ya betri, akaligandamiza ganda. Akabonyeza. Taa ndogo nyekundu ikawaka.

"Umeona?"

"Nimeona! Mungu akupe maisha marefu."

Kile kichuma kilikataa kurudi, kwa kuwa ganda lilikuwa limebinuka kidogo kwa ile karatasi. "Hiki si kitu," alisema mwenye duka. "Ni cha kuzuia ganda tu." Lakini Mama Mayai hakuwa mtu wa kuacha kitu dukani. Alikiokota, na kwa kuwa gauni lake halikuwa na mfuko, akakitia katika kishimo cha yai ndani ya trei yake tupu, akaishika trei kama sinia, na akarudi nyumbani akibonyeza njia nzima ili aone taa inawaka. Iliwaka. Iliwaka kwenye kona, ikawaka mbele ya geti la jirani. Alipofika kwenye gari, haikuwaka.

Alitaka kupiga kelele. Akaitikisa rimoti sikioni, akasikia kitu kinachezacheza ndani. Karatasi ilikuwa imehama. Akaibana kwa meno. Taa ikamulika mara moja, dhaifu, gari likabaki limenuna.

"Unaila?" sauti ilitoka juu ya ukuta.

Ilikuwa ya jirani yake, aliyeitwa Mama Redio kwa sababu habari zake zilifika mtaa wa pili kabla ya mwenye habari kufika kwake.

"Nyamaza, mwenzangu. Rimoti imekufa. Njiani asisikie."

"Imekufa? Na mtoto yuko mlangoni?" Mama Redio alijaribu kunong'ona, na mnong'ono wake ulitosha kuwaamsha kuku. "Tuvunje kioo! Jiwe ninalo."

"Weka jiwe lako chini. Gari la mkwe hilo."

"Mkwe atanunua kioo. Mjukuu utamnunua wapi?"

Neno lile lilimchoma mahali ambapo tayari palikuwa na kidonda. Akaingia bandani, akajifungia na kuku wake, akampigia mkwewe. Simu iliita mpaka ikakata. Akapiga tena. Mara hii ilishikwa, na upepo ukavuma ndani yake.

"Mama! Kuna nini? Amejifungua?"

"Bado. Mzima, anapiga pasi. Rimoti yako ndiyo imekufa."

"Imekufaje? Betri niliiweka mpya kabla ya kuondoka. Hukaa mwaka na zaidi. Labda mtu awe anabonyeza bonyeza mchana kutwa."

Mama Mayai alimtazama kuku mmoja. Kuku naye akamtazama, kichwa upande.

"Nani abonyeze?" akasema. "Ya akiba iko wapi?"

Mawe yalisikika yakiporomoka chini ya miguu ya mkwe.

"Niko nayo hapa, Mama. Ilibaki kwenye begi."

"Kwenye begi."

"Ndiyo, Mama."

"Huko huko."

"Nisamehe, Mama. Lakini sikiliza, usivunje kitu. Ndani ya rimoti kuna ufunguo wa chuma umejificha. Kuna kitufe ubavuni, ukikibonyeza unavuta, unatoka. Kwenye kitasa cha mlango wa dereva kuna kifuniko cha plastiki, kibandue kwa chini, utaona tundu."

"Tundu lipo?"

"Lipo, Mama, limefunikwa tu. Ukishaingia, gari likisema halioni rimoti, igusishe rimoti yenyewe kwenye kile kitufe cha kuwashia. Hata kama betri imekufa kabisa itatambulika ikiwa karibu. Unakanyaga breki, unagusisha, unabonyeza. Umeni..."

Simu ikakata. Lakini alikuwa ameelewa. Aliyarudia midomoni, tundu, breki, gusisha, bonyeza, kama mtoto aliyetumwa dukani asije akasahau. Akageuza rimoti ubavuni, akaona ule mwanya mtupu.

Kichuma. Kile ambacho si kitu.

Alitoka bandani mbio. Trei aliiweka wapi? Alikuwa ameiingiza stoo bila kufikiri, kama afanyavyo siku zote, juu ya mlima wa trei nyingine. Na Mama Redio, aliyekuwa amekwisha kuruka ukuta ili asikose kitu, alikuwa tayari ameziegemea na kuziangusha.

"Usisogeze mguu!" Mama Mayai alipiga kelele, na mwenzake akaganda, mguu mmoja hewani.

Walipiga magoti katika pumba na manyoya. Waligeuza trei moja moja, wakazikung'uta, wakapapasa sakafu. Mama Redio aliibua kijiko, msumari, na hereni aliyosema ni yake tangu zamani. Macho ya Mama Mayai, yaliyozoea kuona ufa mwembamba kuliko unywele, sasa hayakuona chochote ila pikapu ya mchanga.

"Mama."

Njiani alikuwa amesimama mlangoni pa stoo. Alikuwa amevaa gauni la kutokea, na mkoba wa hospitali ulikuwa begani.

"Rudi ndani, mwanangu, tunapanga trei tu."

"Mama, najua kwamba rimoti imekufa. Nimekuona unaing'ata." Alifumba macho, akashika ukuta, akapumua kwa mdomo kama anayepuliza chai. Kisha akafumbua. "Na mimi uchungu umenianza tangu alfajiri. Sikutaka kukutisha. Sasa hivi chupa imepasuka."

Mama Redio alimwita Mungu kwa sauti ambayo haikuhitaji simu.

Jambo la ajabu lilimtokea Mama Mayai. Pikapu ya mchanga ilimtoka machoni. Lile aliloliogopa kwa miaka lilikuwa limefika, limesimama mbele yake likiwa na mkoba begani, na halikuwa tena la kuogopa bali la kufanya. Akaitoa ile balbu ya mayai ndani ya boksi lake, akaivuta kwa waya wake, akaiwasha, akaishusha hadi sakafuni. Akauzungusha mwanga polepole, kama azungushavyo yai. Kitu kikamemeta chini ya mguu wa Mama Redio, ule aliokuwa ameushusha.

"Inua."

Akakiokota. Kilikuwa chembamba, kimechongwa meno upande mmoja. Aliwezaje kutoona asubuhi kwamba kitu chenye meno ni ufunguo?

Kwenye gari alipapasa chini ya kitasa, akabandua kifuniko kwa ukucha, ukucha ukavunjika, kifuniko kikaruka. Tundu lilikuwa pale, dogo, safi, halijawahi kuguswa. Akachomeka, akazungusha. Mlango ukafunguka.

Ndipo gari likapiga yowe.

Mkwe hakuwa amesema hilo. Honi ililia, taa zikawaka na kuzima, kuku wakapanda kuta, watu wakachungulia mageti. Mama Redio alikimbilia barabarani akipunga mikono, "Si wezi! Ni uchungu! Si wezi!" Njiani aliingia kiti cha nyuma akiwa ameziba masikio, na katikati ya maumivu yake alianza kucheka, akashindwa kujizuia.

"Mama, usinichekeshe, nitamtoa hapa hapa!"

"Hutamtoa! Bana miguu!"

Breki. Aliikanyaga kama anayeua nyoka. Bonyeza. Kwenye dashibodi maandishi yakatokea, na hakuyasoma. Gusisha. Aliibandika rimoti juu ya kitufe, ganda likiwa limebinuka na karatasi ya sigara ikichungulia, akabonyeza kwa rimoti yenyewe. Hakuna kitu. Akaigeuza upande wa pili, akaibandika tena, akaisukuma.

Gari likawaka. Yowe likakatika ghafla, na ukimya ulioingia ulimtia kizunguzungu. Aliusikia ule wa zamani ndani yake. Kisha nyuma yake Njiani akaguna, mguno mzito wa mtu mzima aliye hai, na Mama Mayai akaingiza gia.

Njia nzima hakusema neno ila kwa gari. "Twende, baba. Twende, usizime." Alipita kwenye mashimo kama amebeba trei elfu. Njiani alishika kiti cha mbele kwa mkono mmoja, kwa mwingine akashika bega la mama yake, na kila uchungu ulipomjia, bega lilibanwa hadi mfupani. Mama Mayai alifurahia maumivu yale. Yalimwambia kila kitu alichotaka kujua bila kugeuka nyuma.

Mtoto alizaliwa kitandani. Alikuwa wa kike. Alilia hata kabla hajatoka vizuri, kilio cha hasira, na mkunga alisema huyu ana malalamiko ya kuwasilisha. Mama Mayai, aliyekuwa nje ya mlango, alikisikia, akakaa chini sakafuni pale pale alipokuwa amesimama, na ikabidi muuguzi amletee maji.

"Mtamwitaje?" wauguzi waliuliza baadaye.

"Sijui," alisema Njiani, macho yakifumba kwa uchovu. "Lakini mwambieni Mama asimwite Rimoti."

Walikuwa wanacheka bado pale mlinzi wa hospitali alipochungulia wodini na kofia mkononi.

"Samahani. Kuna gari limesimama mbele ya mlango wa dharura, milango wazi, linanguruma tangu mchana. La nani?"

"Langu," alisema Mama Mayai.

"Mbona hulizimi, mama?"

"Nikilizima na likakataa kuwaka, mjukuu wangu atarudi nyumbani na nini?"

Mlinzi alikuna kichwa. Alikuwa mtu mpole, na swali lilikuwa la haki. "Mafuta yakiisha pia litakataa," akasema.

Alifuatana naye nje. Jua lilikuwa limeinama na uwanja umepungua watu. Alilisogeza gari kivulini, akaketi kidogo mikono juu ya usukani, kidole kikiwa juu ya kitufe. Rimoti ilikuwa mapajani mwake imefungwa kwa kitambaa cha kichwa, kama mgonjwa wa jino. Kesho angetafuta betri ya unene wake. Na betri hiyo, alijiapia, angeibonyeza asubuhi na jioni tu. Basi, na mchana mara moja.

Akabonyeza. Gari likanyamaza.

Alishuka, akafunga mlango kwa kile kichuma chenye meno, akakitia ndani ya sidiria ambako hakuna mtu wala trei ya kukimeza. Akavuta kitasa. Kimefungwa. Akapiga hatua chache kuelekea wodini, akasimama, akarudi, akavuta tena. Kimefungwa.

Kutoka dirisha la juu kilio kilisikika, kile kile cha hasira. Mkono wake ulikuwa unakwenda kwenye kitasa mara ya tatu. Aliuacha uanguke, akageuka, na akaanza kupanda ngazi.